Ua la Matofali

Ua ni kitu ambacho watu wote hukiona, lakini wachache hukitazama. Kuona ni kazi ya jicho peke yake. Kutazama ni kazi ya jicho na akili pamoja. Mtu aweza kupita njia moja kila siku kwa miaka kumi, kisha jioni moja akaulizwa, "Ua lile jeupe lililo karibu na lango la jirani yako lina petali ngapi?" naye akakosa la kujibu. Si kipofu, wala si mjinga. Hajapata tu sababu ya kutazama. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya elimu ni kumpa mtu sababu hiyo. Katika insha hii nataka kusimulia njia moja ndogo ya kuipata, nayo ni kujenga maua kwa matofali ya plastiki yaliyofanywa kwa ajili ya mchezo wa watoto. Msomaji asicheke kabla ya kusikia. Mambo mengi makubwa yaliingia duniani kwa mlango wa mchezo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika nchi ya chai, karibu na mpaka wa Kericho na Bomet. Aliyepata kusafiri huko anajua jinsi ilivyo. Vilima vimevikwa chai toka bondeni hata kileleni, na juu ya chai hiyo pamekatwa sawasawa kama zulia. Asubuhi ukungu hulala mabondeni, na mara nyingi alasiri mvua hunyesha. Popote utupapo macho ni kijani juu ya kijani. Chai ililetwa Kenya na kupandwa Limuru mwaka 1903, na katika miaka ya 1920 makampuni yakaanza kuilima kwa wingi huko Kericho. Tangu wakati huo watu wengi wa kwetu wamekula, wamevaa na wamesoma kwa jani hilo. Lakini katika bahari hiyo ya mimea liko jambo la ajabu: maua hayaonekani. Sababu yake nitaieleza mahali pake, maana ndiyo moyo wa habari hii.

Kwanza yanipasa nieleze matofali yenyewe. Mwaka 1932, wakati wa uhaba mkubwa wa kazi ulioenea duniani, seremala mmoja wa kijiji cha Billund katika Denmark, jina lake Ole Kirk Kristiansen, alianza kuchonga vitu vya kuchezea vya mbao ili apate riziki. Mwaka 1934 aliipa karakana yake jina la LEGO, lililotokana na maneno mawili ya lugha yao, "leg godt", yaani "cheza vizuri". Mwaka 1949 karakana hiyo ilianza kutoa matofali madogo ya plastiki, ikifuata mfano wa matofali ya Mwingereza mmoja, Hilary Fisher Page. Matofali hayo ya kwanza hayakushikana imara. Tarehe 28 Januari 1958 mwana wa yule seremala, Godtfred, aliomba hataza ya tofali lililo bora zaidi. Juu lina vinundu, na ndani lina mirija. Vinundu vya tofali la chini hubanwa na mirija ya tofali la juu, yakawa kama kitu kimoja mpaka mkono uyatenganishe.

Kutoka katikati ya kinundu kimoja hata katikati ya kinundu cha pili ni milimita 8, na kimo cha tofali bila vinundu ni milimita 9.6. Vipimo hivi havikubadilika, kwa hiyo tofali la mwaka 1958 hushikana na tofali lililotoka kiwandani jana. Mtaalamu wa hesabu wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, Søren Eilers, alitaka kujua matofali sita ya rangi moja, kila moja lenye vinundu 8, yaweza kuunganishwa kwa njia ngapi. Matofali mawili huungana kwa njia 24. Matofali sita, kwa hesabu aliyoifanya kwa msaada wa kompyuta, huungana kwa njia 915,103,765. Mwanafunzi aliye na vitu vichache na alikumbuke jambo hilo. Mikono miwili yaweza kubeba matofali sita bila taabu, lakini umri wa mtu hautoshi kuyamaliza.

Kwa miaka mingi watu walijenga kwa matofali haya nyumba, magari na meli. Mwaka 2021 kampuni hiyo ilitoa shada la maua lenye vipande 756, nalo lilikusudiwa watu wazima walitie katika chombo sebuleni pasipo maji. Mwaka huohuo ilitoa mti mdogo wa mtindo wa Kijapani wenye vipande 878. Maua ya waridi ya mti huo yamefanywa kwa vyura mia moja wa plastiki. Naam, vyura! Aliyeubuni alichukua chura mdogo aliyekwisha tengenezwa kwa mchezo mwingine, akampa rangi ya waridi, akaona kwamba miguu yake iliyokunjwa inafanana na petali zinazofunguka. Wengine walipotazama kipande kile waliona chura, na yeye aliona umbo. Nimewasimulia wanafunzi wangu habari hiyo mara nyingi, nao kila mara hucheka, kisha hunyamaza wakafikiri.

Sanduku la matofali lililofika shuleni kwetu halikuwa na shada wala mti. Lilikuwa ni mkusanyiko wa vipande vilivyokwisha tumiwa na watoto wa mbali, tukapewa na wahisani. Vingine vilikuwa na alama za meno. Palikuwa na matofali mekundu, meupe na ya manjano, machache ya kijani, magurudumu yasiyo na magari, na watu wadogo waliopoteza mikono. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mwalimu asingojee vifaa vya dukani. Afundishe kwa vizibo vya soda, magunzi ya mahindi, mabua na udongo wa mfinyanzi. Mtaala wa umilisi ulipoanza katika madarasa ya chini kote nchini mwaka 2019, mafundisho hayo yalitiliwa mkazo zaidi. Basi sanduku lile nililipokea kama nilivyozoea kupokea magunzi. Nilijiuliza litanisaidia kufundisha nini.

Wakati huo tulikuwa katika somo la sehemu za ua. Wanafunzi walikuwa wamekwisha nakili mchoro wa ubaoni, na kila mmoja aliweza kutaja petali, sepali, stameni na ovari bila kukosea. Hata hivyo nilitambua kwamba walijua majina kuliko walivyojua maua. Nikawagawa katika makundi, nikawaambia kila kundi lilete ua halisi kutoka nyumbani, na sharti lilikuwa moja: hesabuni kwanza, jengeni baadaye. Siku ya pili kulikuwa na ua la boga, ua la alizeti, ua la pasheni, na mengine yaliyookotwa kando ya njia.

Shida ya kwanza ilikuwa ni pembe. Tofali lina pembe nne, na ua hupenda mviringo. Kundi la alizeti liliondoa shida hiyo kwa kupanga safu juu ya safu, kila safu ikiingia ndani kwa kinundu kimoja, mpaka ngazi zile zilipotazamwa kwa mbali zikaonekana duara. Lakini kabla ya kufika hapo walilazimika kulichungulia ua lao kwa karibu, wakagundua kwamba kile kinachoitwa ua moja la alizeti ni mkusanyiko wa maua madogo mengi sana yaliyobanana katika sahani moja. Mchoro wangu wa ubaoni haukuwaambia hayo. Waliambiwa na vidole vyao walipokuwa wakitafuta kipande kinachofaa kuwekwa katikati.

Shida ya pili ilikuwa ni uzito. Vichwa vya maua vilikuwa vizito, na vikonyo vilivyojengwa kwa tofali juu ya tofali vilivunjika. Mvulana mmoja, mtoto wa fundi mwashi, akasema, "Mwalimu, baba hakubali kiungo kikae juu ya kiungo." Akakibomoa kikonyo cha kundi lake, akakijenga tena kwa kupishanisha viungo kama ukuta wa mawe, nacho kikasimama. Sikumfundisha mimi. Elimu ya kazi ya baba yake ilikuwa imekaa nyumbani kwao siku zote, na siku hiyo ilipata mlango wa kuingilia darasani.

Shida ya tatu ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Ua la pasheni lina sepali 5, petali 5, stameni 5, na juu ya ovari yake viko vijiti 3 vya kupokea chavua. Tofali lina pande nne. Tano haikai juu ya nne. Kundi lilishindana kwa muda mrefu, na hatimaye msichana mmoja akasema kwa uchovu, "Tuache petali moja, hakuna atakayehesabu." Mwenzake akamjibu, "Basi si pasheni." Neno hilo fupi lilimaliza ubishi. Wakarudi katika sanduku, wakatafuta mpaka wakapata vipande vitano vyenye bawaba, ambavyo hapo kwanza vilikuwa vya milango na vifuniko vya magari. Walipoviunga kimoja na kingine, vikafanya duara la pande tano, kama watoto watano walioshikana mikono uwanjani. Ningalimpa mtu yeyote wa mjini ua lile alitazame, labda angaliliona baya. Lilikuwa jekundu mahali palipotakiwa rangi ya zambarau, na moja ya petali zake ilikuwa na alama ya meno. Lakini hesabu yake ilikuwa ya kweli.

Sasa nifike kwenye ua nililoahidi kulieleza. Msichana mmoja wa miaka kumi na mmoja, mpole, asiyesema sana darasani, alileta ua dogo jeupe lenye stameni nyingi za manjano. Alipoulizwa ni ua gani alijibu, "La chai." Darasa zima likacheka. Wakasema, "Chai haina maua!" Walisema hivyo watoto waliozaliwa katikati ya chai, waliocheza katikati ya chai, na ambao wazazi wao hunuka chai warudipo jioni. Mtoto yule hakukasirika. Alisema kwamba mama yake, aliyekuwa mchumaji, ndiye aliyemwonyesha.

Nikawachukua wote mpaka kwenye kipande cha shamba la kale kilichoachwa bila kutunzwa, si mbali na shule. Huko michai ilikuwa imekua kupita vichwa vyetu. Nikawaeleza kwamba mchai, uitwao na wataalamu Camellia sinensis, kwa asili yake ni mti, na ukiachwa huweza kurefuka kupita mita 10. Mkulima huupogoa usipite kiuno cha mtu, na mchumaji hurudi kwake kila baada ya siku chache kuchuma majani mawili na chipukizi. Hivyo nguvu za mmea huendelea kutoa majani machanga, na maua hayapati nafasi. Tena mkulima hayataki, kwa kuwa ua na mbegu hula chakula ambacho angependa kiende kwenye jani. Kwa ajili hiyo mtu aweza kuishi katika chai maisha yake yote asijue kwamba chai huchanua. Pale kwenye michai iliyosahauliwa maua yalikuwa mengi. Wanafunzi wakahesabu: petali tano, nyingine sita, nyingine saba. Wakanusa. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

Tuliporudi darasani msichana yule alijenga ua lake. Petali zilipatikana kwa urahisi, maana vipande vyeupe vilikuwa vingi. Kwa stameni alihitaji vitu vidogo vya manjano vilivyokaa pamoja, navyo vilikuwa vimetumiwa vyote na kundi la alizeti. Alikaa kimya kwa muda, kisha akaanza kuwavua vichwa wale watu wadogo wa plastiki, kwa kuwa vichwa vyao ni vya manjano. Akavipanga vichwa tisa katikati ya petali nyeupe. Wenzake waliokuwa karibu wakapiga kelele, "Ametia vichwa vya watu ndani ya ua!" Nikamwuliza kwa nini amechagua hivyo. Akajibu, "Ndivyo wanavyoonekana ukiwa juu barabarani, Mwalimu." Nikaelewa. Ukitazama shamba la chai kutoka barabarani humwoni mchumaji mzima. Majani yamemmeza mpaka kifuani, na wewe unaona vichwa tu vikielea juu ya kijani.

Habari ya maua yetu ilipotoka nje ya darasa ilikutana na wapinzani, nami nawashukuru, maana upinzani ni jiwe la kunolea fikira. Mwalimu mwenzangu mmoja alisema kwamba ua la plastiki ni la uongo, akanikumbusha methali isemayo uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Nilimjibu kwamba hatukujenga maua yale ili yachukue mahali pa maua ya kweli. Sisi Wakipsigis tuna mmea uitwao sinendet, ambao hufanywa taji la kumvika mshindi na mtu wa heshima. Hakuna mwanariadha atakayerudi nyumbani na ushindi akafurahi kuvikwa sinendet ya plastiki. Ua la matofali halidai heshima hiyo. Kazi yake ni kama ya ramani: hakuna alimaye juu ya ramani, lakini aliyeichora mwenyewe huijua nchi kuliko aliyepita nayo usingizini ndani ya gari.

Mwingine alisema kwamba nchi yetu imepigana na plastiki, nasi twaisifu. Maneno yake yalikuwa na haki. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, kwa sababu mifuko hiyo ilijaa mitaroni na kuua mifugo. Tangu mwaka 2018 watengenezaji wa matofali haya wamekuwa wakifanya baadhi ya vipande, kama majani na miti, kwa plastiki itokanayo na miwa, lakini hiyo nayo ni plastiki na haiozi. Jibu langu ni kwamba ubaya wa plastiki ni kutumiwa mara moja na kutupwa. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu walishusha majini jahazi liitwalo Flipflopi, lililojengwa kwa taka za plastiki na kupambwa kwa maelfu ya ndara zilizookotwa, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Unguja. Kitu kisichooza kikipewa kazi isiyokwisha, ila yake yageuka kuwa sifa. Sanduku letu lilikwisha lea watoto wengine kabla ya kuja kwetu, nalo litalea wengine baada yetu.

Lakini pingamizi la tatu lilikuwa zito kuliko hayo mawili. Lilitolewa katika mkutano wa wazazi, siku tulipoyapanga maua juu ya meza. Mzee mmoja aliinuka akasema, "Mwalimu, sisi huuza ng'ombe ili mtoto asome. Mashine zimechukua kazi ya mikono yetu. Je, watoto wetu watakula maua ya plastiki?" Watu wakanyamaza, na wengine wakaitikia kwa vichwa.

Msomaji asiyetoka kwetu yampasa ajue kilichokuwa nyuma ya swali hilo. Kwa miaka mingi sasa mashine za kuchumia chai zimekuwa zikiingia katika mashamba makubwa. Mashine moja na watu wachache hufanya kazi ya wachumaji wengi. Chama cha wafanyakazi kilishindana nazo mahakamani, na mwezi wa Mei 2023 mashine kadhaa zilichomwa moto katika machafuko yaliyotokea Kericho. Wala waliotafuta riziki katika maua ya kweli hawakusalimika, kwa maana mwishoni mwa mwaka 2019 mashamba mawili makubwa ya maua ya kuuzwa ng'ambo yaliyokuwa Kericho yalifungwa, na wafanyakazi wake wakarudi nyumbani. Basi mzee yule hakuuliza swali la kukejeli. Aliuliza swali la njaa.

Kabla sijajibu, mama wa yule msichana aliinuka. Wote walijua kwamba miezi michache iliyopita yeye mwenyewe alikuwa ameambiwa kazi ya kuchuma imekwisha. Alilichukua ua la chai mezani, akaligeuza polepole. Akasema, "Mzee wangu, nimechuma chai miaka kumi na tisa. Ua hili nimeliona pembeni tu, mahali tulipopasahau. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha halizaliwi. Huyu mtoto amelihesabu. Mimi sikupata nafasi ya kulihesabu." Akalirudisha mezani kwa uangalifu, akaketi. Yule mzee hakusema neno jingine, lakini mkutano ulipokwisha nilimwona ameinama juu ya meza, akihesabu petali za pasheni kwa ncha ya fimbo yake.

Sitadai kwamba mama yule alilimaliza swali. Ua la matofali halijazi sufuria, na mwalimu anayewaahidi wazazi kwamba mchezo utaleta mshahara huwadanganya. Hata hivyo nimelifikiri swali hilo tangu siku ile, na haya ndiyo ninayoweza kuyasema. Mashine ya kuchumia chai hukata kila kilicho mbele yake, kilichokomaa na kichanga, jani jema na kijiti. Mkono wa mchumaji hodari huchagua, kwa kuwa nyuma ya mkono liko jicho, na nyuma ya jicho iko akili. Kilichochukuliwa na mashine ni wepesi wa mkono. Uwezo wa kutazama, kuhesabu, kukataa kuacha petali ya tano ingawa hakuna atakayehesabu, kuona kwamba kichwa cha mtu chaweza kuwa stameni na chura akawa petali, haujachukuliwa. Mtoto wa mchumaji akikosa urithi wa kazi ya mama yake, asikose pia urithi wa jicho la mama yake. Hilo ndilo shule yaweza kumpa, nalo si dogo.

Shuleni kwetu tuna kanuni moja kuhusu matofali: kila ua hubomolewa mwisho wa muhula ili wengine wapate kujenga. Mwisho wa muhula ule ilijulikana kwamba msichana yule hatarudi, kwa kuwa mama yake alikuwa akihama kwenda kwa ndugu zake kutafuta kazi nyingine. Wenzake wakaniomba nimruhusu aende na ua lake. Nilikuwa tayari kukubali, lakini yeye mwenyewe alikataa. Alisema kwamba darasa linalokuja litahitaji vipande vyeupe. Alilichora kwanza katika daftari lake, petali kwa petali, akaandika hesabu kando ya mchoro. Kisha akalibomoa kwa utaratibu, akarudisha kila kichwa juu ya kiwiliwili chake, akawapanga watu wale tisa sandukuni wakiwa wamelala ubavu kwa ubavu. Nilisimama mlangoni nikamtazama, na nikaona kwamba alikuwa akichukua zaidi ya alichokiacha.

Ewe kijana unayesoma, huenda shuleni kwenu hakuna matofali ya Denmark, wala hayatafika kamwe. Usihuzunike. Njia 915,103,765 haziko katika plastiki. Ziko katika kuunganisha. Chukua vizibo, mabua, udongo, au kalamu na karatasi. Tafuta ua moja lililo karibu na mlango wenu, lile ulilolipita tangu utoto, ujaribu kulijenga. Utakapofika kwenye petali ya tano, ukaona kwamba haikai, na moyo ukakuambia uiache, hapo ndipo somo lako litakapoanza. Haba na haba hujaza kibaba. Na kipande juu ya kipande, kilichohesabiwa kwa haki, humfundisha mtu kuitazama dunia aliyokuwa akiiona tu.